Uzee katika mkoa wa mtama na alizeti
Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Mkoani Singida, wengi wa umri huo ni wakulima na wafugaji waliotumia nguvu zao kwenye mtama, uwele, alizeti na ng'ombe, na kwa kuwa hawakuwahi kuajiriwa, hawana pensheni. Bima yao ilikuwa watoto. Lakini mvua za hapa ni chache na za msimu mmoja, hivyo vijana huenda mijini kutafuta riziki, na bibi hubaki na jembe mkononi na wajukuu mgongoni. Huo ndio mzigo mzito kuliko yote, na hauonekani kirahisi katika takwimu. Matibabu bure kwa wazee wasiojiweza yamo katika sera, ila msamaha huo hauwapi nauli ya kufika hospitali, wala dawa za presha na kisukari zinapokosekana zahanati. Wasio na ndugu kabisa hutunzwa na serikali katika makazi kama Sukamahela, wilayani Manyoni. Kaya maskini husaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Zanzibar ilikwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni jamii, awe aliajiriwa au la. Tanzania Bara bado haina malipo ya namna hiyo, na mkulima mzee wa wilaya ya Ikungi au Mkalama anayastahili.