Kikao Kabla ya Matokeo

Kila mwaka mwezi wa Novemba watoto wetu wa Kidato cha Nne huweka kalamu chini, na matokeo yao hutoka mnamo Januari. Kati ya siku hizo mbili nyumba nyingi za mjini huingia katika ukimya wa ajabu. Mtoto hulala mpaka saa nne za asubuhi, mama hunung'unika, na baba arudipo kazini huuliza swali moja tu: "Matokeo bado?" Yakishatoka ndipo nyumba nzima hukurupuka na kuanza kukimbia huku na huko, kama watu walionyeshewa na mvua ambayo wingu lake wameliona tangu alfajiri.

Leo nataka kukusimulia habari ya jirani yangu mmoja, ambaye ameniruhusu kuisimulia ilimradi nisimtaje jina. Ni mtu wa bandarini, amefanya kazi ya kupakua mizigo kwa miaka mingi, na Mungu amemjalia mabinti watatu. Wa kwanza alipomaliza Kidato cha Nne alipata daraja la tatu. Hisabati alipata C, Fizikia C, Kiswahili C. Kemia na Baiolojia alipata D. Orodha ya Serikali ilipotoka, jina lake lilionekana: amechaguliwa kwenda chuo cha ufundi kusomea stashahada ya uhandisi wa umeme.

Jirani yangu alizichapisha karatasi za kujiunga katika duka la vifaa vya ofisi, akazikunja, akaziweka chini ya nguo zake kabatini. Kwa muda wa miaka minne alikuwa amewaambia wenzake kazini kwamba binti yake atakuwa daktari. Sasa atawaambiaje kwamba anakwenda kushika koleo na nyaya? Akasema mtoto hakuchaguliwa. Akakopa katika chama cha kuweka na kukopa cha kazini kwao, akampeleka binti katika shule ya kulipia kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia. Miaka miwili baadaye binti alirudi na matokeo ambayo hayakumfikisha popote. Deni lilibaki. Siku moja, akitafuta cheti cha kuzaliwa, binti alizikuta zile karatasi kabatini.

Sikuileta habari hii ili tumcheke mzee yule. Wangapi miongoni mwetu tungefanya tofauti? Sisi tuliosoma kwa taabu, au tusiosoma kabisa, tumejijengea ngazi moja tu vichwani: Kidato cha Tano, cha Sita, kisha Chuo Kikuu. Aliye nje ya ngazi hiyo tunamhesabu kuwa ameanguka. Basi naomba tukae kitako tuihesabu ngazi hiyo kwa vidole, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Mtoto aendaye Kidato cha Tano husoma miaka miwili. Tangu mwaka 2022 Serikali imeondoa ada kwa vidato hivyo katika shule zake, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini cheti cha Kidato cha Sita peke yake hakimfundishi mtu kazi yoyote. Thamani yake imo katika kumfikisha Chuo Kikuu, na ili afike huko yampasa apate, kwa uchache, ufaulu wa masomo mawili makuu wenye jumla ya pointi nne, na kozi nyingi hudai zaidi ya hapo. Asipozipata, anarudi nyumbani akiwa na umri wa miaka kumi na tisa au ishirini, na mikono mitupu.

Mtoto aendaye chuo cha ufundi akitoka Kidato cha Nne husoma miaka mitatu, ngazi ya nne, ya tano na ya sita, mwaka mmoja kwa kila ngazi, na mwishoni hupata stashahada. Akiishia hapo, ana kazi mikononi. Akitaka kuendelea, na alama zake zikiwa nzuri, yaani wastani wa 3.0 au zaidi, mlango wa shahada uko wazi kwake kama ulivyo wazi kwa yule wa Kidato cha Sita. Tofauti ya njia hizi mbili ni mwaka mmoja tu! Kwa ajili ya mwaka huo mmoja, jirani yangu alificha karatasi kabatini.

Wala vyuo hivi si vya jana. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1957 ikiwa chuo cha ufundi, ikapewa hadhi yake ya sasa mwaka 1997. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978. Chuo Kikuu chenyewe, ambacho twakiona kama mlima mtakatifu, kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu cha sheria, katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani.

Simaanishi kwamba kila mtoto aende ufundi. Mwenye kichwa cha historia na lugha apelekwe kwenye historia na lugha, na mwenye alama nzuri za sayansi aendaye kuwa daktari, Mungu amsaidie, twahitaji madaktari. Ninalopinga ni kumchagulia mtoto tahasusi, au kombi kama wenyewe wasemavyo, kwa sababu ya jinsi inavyosikika kwa majirani. Tazameni alama za mtoto katika masomo yale matatu atakayoyasoma. Somo lililomshinda Kidato cha Nne haligeuki kuwa rafiki Kidato cha Tano, ambako huwa gumu maradufu.

Kwa mtoto ambaye matokeo yake ni hafifu, vyuo vya ufundi stadi vya VETA vipo karibu kila mkoa, na wakazi wa Dar es Salaam wanakijua cha Chang'ombe. Hapa kuna jambo ambalo huwapita wazazi wengi: mafunzo ya muda mrefu kwa kawaida huanza Januari, na maombi hupokelewa miezi kadhaa kabla, wakati mtoto bado anajiandaa kwa mtihani. Anayengoja matokeo ndipo aanze kuulizia fomu, amechelewa mwaka mzima. Na kama nyumbani kwako yumo kijana aliyejifunza ufundi gereji kwa mjomba wake bila karatasi yoyote, ajue kwamba VETA huupima ujuzi wa namna hiyo na kuurasimisha kwa cheti.

Neno kuhusu vyuo vya watu binafsi, hasa vya afya na biashara, ambavyo matangazo yao yamejaa kila nguzo ya umeme. Vingi ni vyema. Vingine ni chumba cha kupanga na mhuri. Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisheni kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, tena kwamba ile kozi yenyewe, katika ngazi ile inayotajwa, imeruhusiwa kufundishwa hapo. Ulizeni pia gharama zote kwa maandishi, maana ada iliyotangazwa aghalabu huzaa watoto: sare, mitihani, mazoezi ya vitendo, kitambulisho.

Na fedha? Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewasomesha watoto wengi wa wafanyakazi katika vyuo vikuu, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani zilizoainishwa. Lakini mkopo ni mkopo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Mtoto aelezwe hivyo mapema, kabla hajatia sahihi.

Wasomaji wenye umri kama wangu watakumbuka Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie Chuo Kikuu. Utaratibu ule umekwisha, na ulikuwa na kasoro zake. Hata hivyo yapo mambo ambayo kijana hujifunza akifanya kazi miezi michache ambayo shule haikumfundisha. Miezi kati ya Novemba na Julai, Kidato cha Tano kinapoanza, ni mirefu mno kwa kulala. Akamsaidie shangazi dukani, ajifunze kompyuta, au ashinde kwa fundi.

Basi kiteni kikao kabla ya matokeo, si baada yake. Baba awepo, mama awepo, na mtoto aseme kwanza. Hili la mwisho ndilo gumu. Baba akianza, mtoto atasema "ndiyo, baba," na kikao kitakuwa kimekwisha. Wekeni mezani fedha zilizopo, kwa tarakimu, bila haya. Mtoto wa miaka kumi na saba anajua kuhesabu. Andikeni njia mbili au tatu: tukipata hivi tutakwenda hapa, tukipata vile tutakwenda pale.

Jirani yangu sasa amemwomba radhi binti yake, jambo ambalo wazazi wa rika letu hatukuzoea. Cheti chake cha Kidato cha Nne bado kinakubalika, kwa hiyo ameomba upya stashahada ya umeme, safari hii kwa gharama za nyumbani, na amepata nafasi. Binti wa pili yuko Kidato cha Nne mwaka huu. Jumapili iliyopita walikaa sebuleni, baba akamwuliza anataka nini, kisha akanyamaza. Binti alikaa kimya kwa muda mrefu, akamtazama dada yake, ndipo akasema anataka kushona nguo.

Mzee aliniambia kwamba alikunywa maji kwanza. Halafu akauliza maombi ya Chang'ombe yanafunguliwa lini.