Nyota Haina Jina, Kipande Kinalo
Kila Novemba ukoo wetu huposti picha ileile: baba ya babu yangu na kofia yake ya KAR, kando yake nyota aliyopewa kwa vita vya Burma. “Shujaa wetu.” Shujaa wa nani, jameni? Geuza hiyo nyota. Mbele kuna herufi za mfalme George wa 6. Nyuma tupu, hata jina la mzee halipo.

Sanduku hilohilo lina kipande chake, kile wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba, wengi wakikining'iniza shingoni. Hapo kuna jina, kabila, alama za vidole, mwajiri. Kumbe serikali ilijua kuandika! Baada ya 1945 wanajeshi wazungu walitengewa mashamba nyanda za juu. Yeye akarudia kipande.

Shangazi anasema kitatuaibisha. Sisi ndio tuaibike? Novemba hii naposti kipande kwanza.