Mcheza kwao mwenye usonji, mbona hatunzwi?

Huku Carama, Burundi, mama akisema mwanawe mwenye usonji anapenda kucheza, hujibiwa kwa huruma: "Mwache acheze, itamtuliza." Anayejibu hivyo anajiona mwema. Mimi namwona amemfungia mtoto mlango, tena taratibu, hata mama hasikii komeo likiingia.

Maana hayo ni maneno ya dawa. Mtoto mwingine akionekana ana miguu ya kucheza, tunauliza atajiunga na kundi gani, na harusi za Jumamosi zitamwingizia faranga ngapi. Huyu wetu, ngoma yake inapimwa kwa usingizi aliolala baadaye. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kutunzwa huko ni noti inayobandikwa kwenye paji la uso, si makofi ya "maskini, kajitahidi."

Hoja wanayoishika sana hao wenye huruma ni kelele. Mtoto anaziba masikio basi likipiga honi, atasimamaje jukwaani? Basi watazame ngoma zetu za kifalme, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Wapigaji wamejipanga nusu duara. Ngoma za amashakwe zinashikilia pigo moja bila kuyumba, zile za ibishikizo zinaifuata inkiranya, ngoma kuu iliyo mbele, na wachezaji wanatoka mmoja mmoja, kila mtu kwa zamu yake, kuruka mbele ya ngoma hiyo. Ni kelele kubwa, naam, lakini ina sheria, na anayeijua sheria anajua kinachofuata. Wengi wenye usonji huchoshwa zaidi na kisichotabirika: saa ya mazoezi iliyobadilishwa bila taarifa, mwalimu anayekushika bega kutoka nyuma, mzaha unaotakiwa uudake hewani. Yaani mtoto anashindwa mazoezini kabla hata hajafika jukwaani, nasi tunasema jukwaa limemshinda. Dawa ya hayo ni ratiba iliyobandikwa ukutani, kona ya kupumzikia, na vizibo vya masikio kwa anayevihitaji. Kundi linalosema halina pesa za kubandika karatasi ukutani lisitudanganye.

Sisemi kila mwenye usonji ni mchezaji. Wapo ambao mwili wao hausikilizani na mdundo kabisa, kama walivyo majirani zangu kadhaa wasio na usonji wowote. Na wale wanaosema "hawa wamepewa kipaji cha pekee" wananichosha vilevile. Apimwe kwa anachokicheza. Akikosea, aambiwe amekosea, kwa ukali uleule anaopewa mwenzake. Kumsifu ovyo ni namna nyingine ya kumwambia hatukutegemei.

Kwingine kucheza kwa mwenye usonji kumeshakuwa ajira. Philip Martin-Nielson, Mmarekani mwenye usonji, amecheza baleti kama kazi katika Les Ballets Trockadero de Monte Carlo, kundi la wanaume lililoanzishwa New York mwaka 1974. Watazamaji hawakununua tiketi ili yeye atulie.

Nasi hatuna kisingizio cha sheria. Mwaka 2014 Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 30 inataka wakuze vipaji vyao vya sanaa si kwa faida yao tu, bali pia ili jamii nzima ineemeke. Kumbe wadaiwa ni sisi watazamaji. (Kwa msichana mwenye usonji anayeota ngoma kuna kufuli la pili: amri ya rais ya Oktoba 2017 iliyowazuia wanawake kuzipiga. Hilo nitaliandikia siku yake.)

Kwa hiyo, mama, kiongozi wa kundi akikuambia mwanao anakaribishwa aje ajifurahishe, mshukuru. Kisha muulize harusi ya Jumamosi wanalipwa kiasi gani kila mmoja.