Kabla ya kununua maski otomatiki ya kusudeya, hesabu macho yaliyomo uani

Ukitembea kwenye barabara ya taifa namba 5, toka Kavimvira mpaka Kalundu, huendi mbali bila kuona ule mwanga wa bluu wa posti ya kusudeya. Milango, madirisha ya vyuma, mbabula, fremu za pikipiki, vyote vinaungwa uani, mbele ya nyumba, chini ya mwembe. Mara nyingi anayeunga amevaa lineti za jua za sokoni. Kijana anayemshikia chuma hana kitu usoni. Anageuza shingo tu na kufumba macho.

Nilikuwa kijana huyo. Nilimshikia mjomba geti mchana mzima, jioni nikala vizuri, nikalala. Katikati ya usiku niliamka nikidhani mtu amenimwagia mchanga machoni. Machozi yalitiririka, na hata mwanga wa simu ulichoma kama sindano. Mama alikata viazi vibichi akaniwekea juu ya kope. Jirani akaja na maziwa ya mwanamke anayenyonyesha, kama tunavyofanya hapa kwetu. Kesho kutwa yake nilikuwa mzima, na mzee mmoja akaniambia: ni moto wa kusudeya, utazoea.

Macho hayazoei. Mwanga wa posti una mionzi ya ultravioleti, ileile ya jua inayochoma ngozi, ila hapa iko mbele yako kwa hatua moja. Inaunguza ngozi nyembamba ya juu ya jicho, na maumivu huja saa sita hadi kumi na mbili baadaye, ndiyo maana mtu halali. Kwa kawaida jeraha hufunga lenyewe ndani ya siku moja au mbili. Kiazi hakikuniponya, nilipona kwa sababu siku zilipita. Maziwa yanaweza hata kuingiza vijidudu kwenye jicho lenye kidonda. Na yale matone ya kufisha ganzi ambayo wengine wanayatafuta kwenye famasia, wakirudia kuyatia kila saa ili wafanye kazi, ndiyo hatari zaidi, maana yanazuia kidonda kupona. Siku mbili zikipita bado unaumwa, au unaona ukungu, nenda hospitali. Mwaka 2017 wataalamu wa IARC, tawi la Shirika la Afya Duniani linalochunguza kansa, waliiweka mionzi hiyo ya kusudeya, pamoja na moshi wake, katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu. Haya si mambo ya kuzoea.

Naandika haya sasa kwa sababu atelye za nyumbani zimeongezeka. Familia zilizokimbia vita katika bonde la Ruzizi na kule milimani zimepangiwa chumba kwa ndugu, au zinalala chini ya bashi, na kijana anayejua kuunga chuma hawezi kukaa bure. Wengine walikimbia na posti kwenye pikipiki wakaacha kila kitu kingine. Akifika, anaazima waya, anangoja umeme wa SNEL urudi, anaanza kazi katika ua ambamo watoto kumi wanacheza. Maski anasema atanunua kazi ikisimama. Mimi nasema maski ndiyo ya kwanza, kisha bageti.

Sasa kuna hizi maski otomatiki zinazoletwa dukani, nyingine zimepita Bujumbura, nyingine zimevuka ziwa toka Kigoma. Kioo chake kinaonyesha kila kitu mpaka moto uwake, hapo kinageuka cheusi chenyewe. Si uchawi wala si kitu kipya: Msweden Åke Hörnell aliingiza sokoni ya kwanza, Speedglas, mwaka 1981. Wazee wa kazi wanazidharau. Wanasema zinamfanya mwanafunzi mvivu, kwamba fundi wa kweli anajua kushusha maski kwa kutikisa kichwa. Nawaheshimu, lakini hapa sikubaliani nao. Anayeanza ndiye hajui bageti itagusa wapi, basi anaiinua maski ili aone, anagusa, moto unawaka usoni. Fundi mwenye miaka ishirini anaweza kufanya kazi na maski ya zamani, anayejifunza ndiye anayehitaji otomatiki zaidi.

Lakini si kila kilichoandikwa otomatiki ni maski. Elewa kwanza namna kinavyofanya kazi. Kioo kizuri kina tabaka linalozuia ultravioleti na joto lisiloonekana wakati wote, hata kikiwa kimezimwa, hata betri ikifa. Kugeuka giza kunasaidia dhidi ya mwanga mkali unaoonekana. Maana yake maski ya kweli ikichelewa kidogo itakupofusha kwa sekunde, lakini haitakuunguza jicho. Maski ya uongo inaweza kugeuka giza vizuri sana na bado kupitisha kile kinachounguza, na wewe hutajua mpaka usiku. Giza peke yake si ulinzi. Ndiyo maana lineti za jua zinadanganya watu, na hata zile za kijani za kuunga kwa gesi, ambazo kwa kawaida ni namba 5, hazifai kwa posti.

Namba ndiyo jambo la kuangalia. Kwa posti za nyumbani, bageti ya milimita 2.5 inafanya kazi kwenye ampea 60 hadi 90 hivi, na ya 3.2 kwenye 90 hadi 130. Hapo unahitaji giza namba 10 au 11. Juu ya ampea 175 ni 12. Kwenye kioo chenyewe, si kwenye kartoni, tafuta maandishi kama 4/9-13: maana yake kikiwa wazi ni namba 4, kikijifunga unaweza kuchagua toka 9 hadi 13. Karibu yake kuwe na EN 379, au Z87 kama inafuata kanuni za Marekani. Zile tarakimu nne, 1/1/1/2 kwa mfano, zinaeleza usafi wa kuona. Kadiri zinavyokaribia moja ndivyo bora. Kwa kazi ya mlango na dirisha, 1/2/1/2 inakutosha, usilipie zaidi.

Maandishi yanaweza kughushiwa, najua. Basi usinunue kwa mtu anayekataa ujaribu. Toka nje ya duka, elekeza kioo upande wa jua (wewe mwenyewe usilitazame jua), na kinapaswa kugeuka cheusi mara moja. Ziba sensa moja kwa kidole, kisha nyingine, uone kama iliyobaki inafanya kazi peke yake. Taa ya simu si kipimo, maski nyingi nzuri haziijali. Ndani ya kioo giza liwe sawa pembe zote, na pasiwe na mwanga unaoingia pembeni mwa fremu. Muulize mwenye duka kama anauza vile vioo vya plastiki vya mbele, maana ndivyo vinavyochafuka na cheche na kubadilishwa. Hana? Nunua kwingine, au baada ya miezi michache utakuwa unafanya kazi kama mtu anayetazama ziwa wakati wa ukungu.

Tunafanya kazi nje, na jua letu halina mchezo. Maski yenye sensa kali sana itajifunga yenyewe kwa jua, na fundi atakasirika ataivua. Kwa hiyo chagua yenye kirungu cha kupunguza ukali wa sensa. Sensa nne ni bora kuliko mbili ukijipinda chini ya gari au ndani ya fremu ya mlango, ambapo mkono wako unaweza kuziba moja. Betri ikiwa ya kubadilishwa, ile ya duara kama kifungo, ni nzuri zaidi kwetu kuliko ile iliyofungiwa ndani ambayo ikifa umetupa maski yote. Na usiiache juu ya mabati saa saba mchana. Nyingi zimetengenezwa kwa joto lisilozidi digrii 55, na bati la Uvira linafika huko bila shida.

Ile nafasi ya kusagia, ambayo muuzaji ataisifia sana, mimi siipendi. Ukiiweka, kioo kinabaki wazi hata moto ukiwaka. Ukisahau kuirudisha utapata mwanga wote usoni. Kusaga uvae lineti za kinga, maski iwe ya kusudeya tu.

Sasa pesa. Kama unayo ya maski moja otomatiki ambayo huijui vizuri, na pesa hiyohiyo inaweza kununua maski mbili za kawaida zenye kioo cheusi namba 11 kilichoandikwa vizuri, nunua hizo mbili. Hapa ndipo nagombana na marafiki zangu wa kazi. Wanasema fundi awe na kitu kizuri kwanza, msaidizi atajitafutia. Msaidizi ndiye anayekaa upande ambao mwanga unapiga, mikono yake miwili imeshika chuma, hawezi hata kujiziba. Halafu kuna dada anayepikia nyuma ya ukuta mweupe unaorudisha mwanga, na watoto wanaosimama kutazama kwa sababu moto ule unavutia kuliko sinema. Hao hawahitaji maski, wanahitaji bashi moja nene iliyotundikwa kati yao na posti. Kwenye ua wa watu waliohama, bashi haikosekani.

Na ninyi mnaofundisha vijana waliokimbia kazi ya kuunga vyuma, halafu siku ya kufunga mafunzo mnawagawia vifaa mbele ya kamera: nimeona sanduku lenye posti, nyundo, brashi na maski moja kwa vijana wanne. Nilimuuliza mmoja wao watagawanaje. Akacheka. Alisema watapokezana, mmoja akiunga wengine watageuza shingo.