Friza hulipiwa mara mbili: Hesabu ambayo wauza samaki wa Ziwa Mweru hawana budi kuifanya

Mfanyabiashara wa samaki anayevuka Ziwa Mweru kati ya kisiwa cha Chisenga, Nchelenge na mji wa Kilwa upande wa Kongo anajua bei ya mafuta ya boti, bei ya barafu na ushuru wa mpakani. Gharama moja mara nyingi haimo katika daftari lake, nayo ni umeme unaoliwa na friza. Anachoona ni kwamba uniti zimeisha kabla ya wiki kwisha. Kama ni friza, pasi, jiko la umeme au televisheni ya watoto iliyozimaliza, hana njia ya kujua.

Kwa anayeuza chisense pengo hilo si kubwa, kwa kuwa dagaa hao hukaushwa juani. Kwa anayeuza samaki wabichi, friza ndiyo ghala lake. Akikosea hesabu ya ghala, faida yote huondoka na tokeni.

Ukame uliifanya hesabu hiyo kuwa ngumu zaidi. Zambia hupata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutokana na nguvu za maji. Mvua za msimu wa 2023/24 zilipokosekana, maji ya Kariba yalishuka, na Februari 29, 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa. Mgao wa umeme ulifika saa nyingi kwa siku. Friza iliyozimika kwa saa nyingi haipunguzi matumizi kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu umeme ukirudi mashine hukimbia bila kupumzika ili kurudisha baridi iliyopotea.

Ngazi za bei

Umeme wa nyumbani Zambia huuzwa kwa ngazi. Katika viwango vilivyoanza Januari 2020, uniti 100 za kwanza za mwezi ziliuzwa kwacha 0.47 kila moja, kuanzia ya 101 hadi ya 300 kwacha 0.85, na zaidi ya hapo kwacha 1.94, kabla ya kodi. Viwango vimerekebishwa tangu hapo, lakini kanuni ya ngazi ni ile ile: anayetumia zaidi hulipa zaidi kwa kila uniti.

Tuseme familia inatumia uniti 250 kwa mwezi, kisha inaongeza friza ya biashara nyumbani. Friza nzuri inayokula uniti 1.2 kwa siku itaongeza uniti 36. Familia inabaki chini ya 300, na kwa viwango hivyo friza inagharimu kwacha 30.60. Friza ya mtumba iliyochoka, inayokula uniti 3.5 kwa siku, itaongeza uniti 105. Hamsini zitalipiwa kwa 0.85, na 55 zinazobaki kwa 1.94. Jumla ni kwacha 149.20. Matumizi yamekaribia mara tatu, lakini gharama imekaribia mara tano.

Tanzania nako kuna ngazi. Katika viwango vya TANESCO vya Aprili 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 alilipa Sh100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh350 kwa kila uniti iliyozidi. Anayenunua friza Tunduma au Kariakoo, basi, anailipia mara mbili: kwanza dukani, kisha kwenye mita kila mwezi. Bei ya dukani huulizwa na kila mtu. Ile ya pili ni wachache wanaoiuliza.

Mita ya kwanza ipo ukutani

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kile ambacho mwenye umeme wa gridi tayari anacho. Mita nyingi za tokeni zina taa ndogo inayopepesa, na pembeni huandikwa idadi ya mapigo kwa kila uniti, mara nyingi 1000. Zima kila kitu nyumbani isipokuwa kifaa kimoja, kisha hesabu mapigo kwa dakika sita na uzidishe kwa kumi. Kwa mita ya mapigo 1000, jibu ni wati. Mapigo 15 kwa dakika sita ni wati 150.

Njia hiyo inafaa kwa pasi, birika au jiko. Friza huwaka na kupumzika, kwa hiyo dakika sita zinaweza kudanganya. Kwa friza, andika uniti zilizobaki jioni, acha friza peke yake ikiwa imechomekwa, kisha soma tena asubuhi. Pima ikiwa na mzigo wa kawaida. Friza tupu na friza iliyopokea samaki wa joto kutoka ziwani hazili sawa.

Kuacha nyumba gizani usiku kucha si jambo rahisi penye watoto. Hapo ndipo mita ya kuchomeka kwenye soketi inaposaidia. Hukaa kati ya soketi na plagi ya kifaa, na kuonyesha wati za wakati huo pamoja na uniti zilizojikusanya. Ikiachwa siku mbili au tatu, ikiwemo siku ya mgao, inatoa jibu la kuaminika. Kwa wanaogawana mita moja sokoni au katika nyumba ya kupanga, ipo mita ndogo ya kufungwa na fundi umeme ndani ya boksi, inayosoma matumizi ya chumba au kibanda kimoja. Hiyo huzuia ugomvi wa nani amemaliza uniti.

Cha kuangalia kabla ya kununua

Mnunuzi wa mpakani ana mitego yake. Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda hutumia sana plagi ya pini tatu bapa na umeme wa volti 230 hadi 240. Upande wa Kongo plagi za pini za mviringo ndizo za kawaida, hivyo mita iliyonunuliwa huko inaweza kukataa soketi ya Nchelenge. Mita iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, lenye umeme wa volti 120, haifai kabisa.

Soma pia kikomo cha ampea. Mita ya plagi ya pini bapa huishia ampea 13, yaani karibu wati 3,000. Hiyo inatosha friza, lakini si jiko kubwa. Ukishanunua, ilinganishe na mita ya ukutani kwa kutumia birika. Zikitofautiana sana, irudishe dukani.

Mwenye kutegemea sola kisiwani akumbuke kwamba mita ya soketi hupima umeme wa inveta tu. Friza inayokwenda moja kwa moja kwenye betri inahitaji kipimo cha umeme wa DC. Kwake kipimo kina faida nyingine: bila kujua matumizi ya siku nzima, atanunua paneli na betri kwa kubahatisha.

Mpaka nao una hesabu yake. Mfumo rahisi wa biashara wa COMESA huwasaidia wafanyabiashara wadogo wa Zambia na Kongo kwa bidhaa zilizotoka ndani ya nchi wanachama na zilizo kwenye orodha ya pamoja. Mita iliyotengenezwa China haiingii humo, hata kama imenunuliwa ng'ambo ya ziwa. Ushuru uhesabiwe kwenye bei tangu mwanzo.

Mita moja, watu wengi

Hakuna sababu ya kila muuza samaki kununua mita yake. Kila mmoja anaihitaji siku mbili tatu, kisha inakaa bure. Chama cha wauzaji au kikundi cha akiba kinaweza kununua moja na kuizungusha kwa daftari, kama vikundi vingi vinavyofanya na mizani. Baada ya miezi michache, kikundi kitakuwa na orodha yake ya friza zinazofaa na zinazokula faida.

Orodha hiyo inapaswa kuwa kazi ya serikali pia. Kenya ilipitisha mwaka 2016 kanuni zinazotaka majokofu yawe na lebo ya nyota inayoonyesha ufanisi wake. Lakini lebo ya nchi moja haimsaidii anayenunua nchi ya pili na kulipia umeme katika nchi ya tatu. Kongo ipo COMESA na, tangu 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zambia ipo COMESA na SADC. Tanzania ipo Jumuiya na SADC. Jumuiya hizo tatu zimezungumza kwa miaka mingi kuhusu soko moja. Lebo moja inayosomeka Mombasa, Tunduma na Kashikishi ingekuwa tunda dogo la mazungumzo hayo ambalo muuza samaki angeliona kwenye tokeni yake. Hadi siku hiyo, atalazimika kujipimia mwenyewe.