Nani atavuma msimu ujao? Hesabu nafasi kabla ya kipaji

Msimu wa mpira ukikaribia, hapa Makutano mjini Meru kila kinyozi huwa mtabiri. Huyu mwaka huu ni wake, yule amekwisha, mwingine ni wa kuuzwa Ulaya. Na kwa kuwa majirani wanajua kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, swali hunifikia mara kwa mara: je, kompyuta haiwezi kutuambia mapema ni mchezaji gani atakayevuma?

Jibu langu ni kwamba inaweza kusaidia, ila si kwa njia ambayo wengi wanadhani. Watu wanataka programu ipime kipaji. Mimi nasema ianze na jambo rahisi zaidi, yaani nafasi. Mchezaji huyu atapewa mpira mara ngapi? Atacheza dakika ngapi?

Mfano bora ninaoujua hautoki kwenye soka. Unatoka kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Humo kuna mchezaji ambaye kazi yake kubwa ni kukabidhiwa mpira na kukimbia nao katikati ya wapinzani. Kila anapokabidhiwa huandikwa, na kila yadi anayosonga mbele huandikwa. Kwa mtu anayependa hesabu, ni vigumu kupata mchezaji rahisi kumchunguza kuliko huyu.

Basi mtazame Christian Okoye, mzaliwa wa Enugu, Naijeria. Alienda Marekani kusoma na kurusha kisahani. Alipoachwa nje ya timu ya Naijeria ya Olimpiki ya 1984, aliingia katika mpira huo ambao hakuucheza utotoni. Kansas City Chiefs walimchukua mwaka 1987. Takwimu zake ni hizi:

1987: alikabidhiwa mpira mara 157, akapata yadi 660.
1988: mara 105, yadi 473.
1989: mara 370, yadi 1,480. Akaongoza ligi nzima ya NFL.

Ukisoma safu ya yadi peke yake utasema kipaji kililipuka ghafla mwaka 1989. Sasa gawanya yadi kwa idadi ya mara. Utapata 4.2, halafu 4.5, halafu 4.0. Umeona? Katika mwaka wake wa kuvuma, kila mbio moja ilizaa kidogo kuliko miaka miwili iliyotangulia! Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1989 alikuja kocha mpya, Marty Schottenheimer, na Okoye akapewa mpira mara tatu na nusu zaidi ya mwaka uliopita. Uwezo ulikuwepo tangu mwanzo, na ulikuwa umeandikwa kwenye jedwali. Aliyejua kugawanya angeuona mapema.

Lakini msinielewe vibaya. Nafasi ina gharama yake. Mwaka 1990 Okoye alikabidhiwa mpira mara 245 akapata yadi 805, wastani wa 3.3. Mwili si mashine.

Turudi nyumbani, kwa Michael Olunga, ambaye mashabiki humwita Injinia kwa sababu alisomea uhandisi. Wengi walishangaa mwaka 2020 alipofunga mabao 28 katika mechi 32 za ligi kuu ya Japani akiwa na Kashiwa Reysol, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Je, ilikuwa ajabu kweli?

Mwaka 2019, katika daraja la pili la Japani, alifunga mabao 27 katika mechi 30. Wenye shaka walikuwa na hoja: manane kati ya hayo yalitoka siku moja, tarehe 24 Novemba 2019, Kashiwa walipoicharaza Kyoto Sanga 13-1. Sawa, hoja tunaipokea. Hebu tuifute mechi hiyo kabisa. Yanabaki mabao 19 katika mechi 29, wastani wa 0.66 kwa mechi. Kwa mechi 32 za mwaka uliofuata, wastani huo ungempa mabao 21. Aliyemfuata kwenye orodha ya wafungaji wa 2020, Everaldo wa Kashima Antlers, alimaliza na 18. Kwa hiyo hata ukimnyima siku yake bora, hesabu tayari ilikuwa inamnyooshea kidole.

Ndiyo maana kanuni yangu ina hatua tatu tu. Gawanya mafanikio kwa nafasi alizopata. Futa mechi yake bora uone kama bado anasimama. Kisha uliza kama msimu ujao atapewa nafasi zaidi, kwa mfano kocha amebadilika au mshindani wake ameondoka. Hiyo haihitaji kompyuta kubwa, Excel inatosha. Na programu yoyote inayokuahidi uhakika, hasa ile inayotaka uweke mkeka, jua inakuuzia matumaini yako mwenyewe.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mechi za vijana ninazotazama huku kwetu, wanaandika matokeo na wafungaji, basi. Dakika haziandikwi. Chukua mfano wa kubuni. Kijana mmoja amefunga mabao 6 katika dakika 1,800. Mwingine ameingia kutoka benchi mara kwa mara, akafunga 4 katika dakika 360. Kwenye karatasi wa kwanza ndiye nyota. Kwa kugawanya, wa kwanza hufunga kila dakika 300, wa pili kila dakika 90. Hata ukimpunguzia wa pili bao moja, ni kila dakika 120. Dakika 360 ni chache, hazithibitishi kitu, lakini zinatosha kusema: mpeni huyu mechi tano kamili tumwone. Bila zile dakika, hakuna wa kumtetea. Atakaa benchi, atachoka, atarudi shambani kuchuma miraa, na sisi tutasema Meru haina washambulizi.

Okoye alikuwa na bahati kwamba kuna mtu aliyeketi pembeni ya uwanja akiandika kila mbio, hata zile za mwaka aliokabidhiwa mpira mara 105 tu. Kocha mpya alipofika, ushahidi ulikuwa unamsubiri.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaosimamia timu, chukueni daftari lenye safu tano: jina, dakika aliyoingia, dakika aliyotoka, mikwaju, mabao. Ukiwa na msimu mmoja ulioandikwa hivyo na huna wa kukufanyia hesabu, niandikie. Jedwali nitakutengenezea mwenyewe, bure.