Mboga za kwenye kiroba zinanyauka? Anza na mizizi

MZAZI mwenzangu, familia nyingi za mjini siku hizi zinaotesha mchicha na sukuma wiki kwenye viroba na ndoo zilizopasuka. Mboga unayochuma mlangoni ni hela iliyobaki kwa ajili ya unga. Ndiyo maana inauma kuona miche inanyauka wakati mtoto anaimwagilia asubuhi na jioni.

Kabla hujamgombeza, kaa naye muangalie pamoja mmea unakunywaje.

Watoto wengi humwagia majani, wakidhani ndiyo mdomo. Mdomo wa mmea uko chini. Karibu na ncha za mizizi kuna vinyweleo vyembamba kuliko uzi, na hivyo ndivyo vinavyofyonza maji mengi. Ukiung’oa mche kwa nguvu, vinakatika. Mche huo utalegea hata ukiupanda kwenye udongo uliolowa, mpaka uote vinyweleo vingine. Kwa hiyo pandikiza jioni, jua likiwa limepoa, na uuhamishe mche pamoja na udongo wake.

Maji yakishaingia, yanapandaje hadi juu? Majani yana vitundu vidogo vinavyotoa mvuke. Mvuke unapotoka, maji ya chini yanavutwa kupitia mishipa ya shina, kama mtoto anavyovuta juisi kwa mrija. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa hutoka hivyo hivyo kama mvuke. Lakini safari hiyo si bure, kwani maji ndiyo yanayobeba naitrojeni, fosforasi, potasiamu na virutubisho vingine. Udongo ukikauka kabisa, mmea unabaki na njaa hata kama mbolea ipo.

Hapo ndipo tunapokosea kwa kuzidisha, na tunazidisha vitu viwili.

Cha kwanza ni maji. Mizizi inapumua. Kiroba kisicho na matundu chini hujaa maji, hewa inakosekana, mizizi inaoza na haiwezi tena kunywa. Majani yanakuwa ya njano na kulegea, nasi tunadhani ni kiu, tunaongeza maji! Chomoa mche mmoja uangalie. Mizizi mizima ni myeupe na migumu kidogo. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na inanuka.

Cha pili ni mbolea ya dukani. Jaribio hili litamwelewesha mtoto haraka. Kata vipande viwili vyembamba vya kiazi mviringo. Kimoja kiweke kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Baada ya saa chache, cha maji matupu kitakuwa kigumu, na cha chumvi kitalegea kama kitambaa, kwa sababu chumvi imevuta maji yaliyokuwa ndani yake. Mbolea ikizidi hufanya hivyo hivyo kwenye mizizi. Mmea unanyang’anywa maji badala ya kunywa, na watu wanasema mbolea imeunguza.

Ukishazidisha, mwagilia maji mengi safi yapite na kutoka chini, kisha acha udongo upumue. Kwa kawaida, samadi iliyooza vizuri ina nafuu kwa kiroba. Mbolea ya dukani pima kidogo kwa kisoda, kama bwana shamba au bibi shamba wa mtaa wenu atakavyokuelekeza. Ihifadhi mbali na watoto, na usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au kopo la chakula.

Wiki hii mpe mtoto kazi moja. Kila asubuhi achomeke kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kukiwa kukavu, amwagilie kwenye shina taratibu. Kukiwa na unyevu, aache. Akimaliza anawe mikono kwa sabuni, kisha akueleze mwenyewe kwa nini leo amemwagilia au ameacha.

Tukutane wiki ijayo.